Jinsi ya Kusoma Mpangilio wa Elektroni za Nje Kutokana na Kundi la Elementi: Mwongozo Kamili

Anayekariri mpangilio wa elektroni wa elementi moja baada ya nyingine anajitwisha mzigo usio wa lazima, kwa sababu mahali elementi ilipokaa katika jedwali panatosha kueleza elektroni zake za nje ni ngapi, ziko katika ganda la ngapi na zimo katika tabaka la aina gani. Dmitri Mendeleev alichapisha jedwali lake mwaka 1869, ilhali elektroni yenyewe ilitambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897. Mendeleev na wenzake walizipanga elementi kwa kufuata uzito na tabia zake, yaani jinsi kila moja inavyoungana na oksijeni, hidrojeni au klorini, na kumbe walikuwa wakizipanga kwa elektroni za nje bila kujua. Ndiyo maana jedwali lilipokutana na nadharia ya kwanta katika miaka ya 1920 halikubomolewa. Lilipata tu maelezo yaliyokuwa yamekosekana.

Mwongozo huu unakusudiwa kwa mwanafunzi wa sekondari ya juu, mwalimu anayeandaa somo, na yeyote aliyeachana na kemia zamani akiwa na shauku ya kuielewa. Unachohitaji ni jedwali la elementi lenye namba atomia, penseli na karatasi. Ukifuata hatua zake zote utaweza kuandika mpangilio wa nje wa elementi yoyote ya makundi makuu (makundi ya 1, 2 na 13 hadi 18) bila kukariri, na utajua pia ni wapi kanuni inashika barabara na ni wapi inalegea, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalomtofautisha aliyeelewa na aliyekariri.

Hatua ya kwanza: fahamu unachokihesabu

Elektroni za atomi zimo katika maganda yanayozunguka kiini, na maganda hayo huhesabiwa kuanzia ndani: ganda la 1, la 2, la 3 na kuendelea. Kila ganda lina matabaka, nayo huitwa kwa herufi s, p, d na f. Ganda la 1 lina s peke yake. La 2 lina s na p. La 3 lina s, p na d. La 4 lina yote manne. Ndani ya tabaka mna obitali, yaani vyumba vya elektroni, na kila obitali hubeba elektroni mbili tu, zisizozidi, kama Wolfgang Pauli alivyobainisha mwaka 1925. Tabaka la s lina obitali moja, kwa hiyo hubeba elektroni 2. P lina obitali tatu na hubeba 6. D lina tano na hubeba 10. F lina saba na hubeba 14.

Tunapoandika 3s² 3p⁴ tunasema hivi: katika ganda la 3, tabaka la s lina elektroni 2 na tabaka la p lina elektroni 4. Namba ya mwanzo ni ganda, herufi ni tabaka, na tarakimu ndogo ya juu ni idadi ya elektroni. Huo ndio mpangilio wa nje wa salfa.

Kidato cha kwanza na cha pili wengi tulifundishwa kuandika salfa kama 2:8:6. Maandishi hayo si makosa, lakini yanaficha jambo kubwa, kwa kuwa yanazijumlisha pamoja elektroni za s na za p ambazo hazikai katika nishati moja. Vilevile yanaishia vizuri kwenye kalsiamu, elementi ya 20, ambayo ni 2:8:8:2. Anayeendelea kwa mtindo huohuo huandika skandiamu, elementi ya 21, kuwa 2:8:8:3, na hapo amepotea, kwa sababu elektroni mpya ya skandiamu haiingii ganda la 4 bali inarudi ndani kwenye tabaka la d la ganda la 3; mpangilio sahihi ni 2:8:9:2. Kuanzia hapo matabaka hayakwepeki.

Hatua ya pili: soma namba mbili za mahali

Kila elementi ina anwani ya namba mbili. Namba ya safu ya mlalo, yaani periodi, hukuambia ganda la nje kabisa. Namba ya safu wima, yaani kundi, hukuambia idadi ya elektroni zinazohusika na kuungana. Potasiamu iko periodi ya 4, kundi la 1. Kwa hiyo ina elektroni moja ya nje katika ganda la 4, nayo huandikwa 4s¹.

Hapa kuna mtego wa namba za makundi. Vitabu vingi vya shule vinatumia tarakimu za Kirumi, I hadi VIII, kwa makundi makuu peke yake, na klorini humo huwa kundi la VII. Shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, lilipendekeza kuhesabu makundi yote moja kwa moja kutoka 1 hadi 18, na kwa hesabu hiyo klorini ni kundi la 17. Kubadilisha kati ya mifumo hiyo ni rahisi: kwa makundi ya 13 hadi 18 toa 10, na kinachobaki ni idadi ya elektroni za nje. Kundi la 17 lina 7, kundi la 14 lina 4. Katika mwongozo huu natumia namba 1 hadi 18 kwa sababu ndizo zinazofanya kazi hata katikati ya jedwali, kama tutakavyoona.

Kinachopanga elementi ni namba atomia, si uzito. Agoni ina uzito wa atomi wa 39.95 na potasiamu 39.10, mtu akipanga kwa uzito, potasiamu itaangukia chini ya neoni na agoni itaangukia chini ya sodiamu, na elektroni za nje zitakuwa vurugu tupu. Henry Moseley alilimaliza suala hilo mwaka 1913 alipopima miali ya eksirei ya elementi na kuonyesha kwamba chaji ya kiini hupanda moja moja kutoka elementi hadi nyingine. Agoni ni 18, potasiamu ni 19, na hakuna mjadala.

Hatua ya tatu: tambua kanda nne za jedwali

Weka jedwali mbele yako na uchore mistari mitatu kwa penseli. Makundi ya 1 na 2 upande wa kushoto ni ukanda wa s, wenye upana wa safu 2. Makundi ya 13 hadi 18 upande wa kulia ni ukanda wa p, wenye upana wa safu 6. Makundi ya 3 hadi 12 katikati ni ukanda wa d, wenye safu 10. Safu mbili zilizotengwa chini ya jedwali ni ukanda wa f, wenye nafasi 14. Angalia kwamba upana wa kila ukanda ni sawasawa na idadi ya elektroni ambazo tabaka lake hubeba: 2, 6, 10, 14. Hii si bahati. Umbo lote la jedwali limetokana na namba hizo, na ukilitazama hivyo mara moja hutalisahau.

Kukosea kunatokea zaidi katika namba ya ganda. Kwenye kanda za s na p, namba ya ganda ni namba ya periodi. Kwenye ukanda wa d, toa 1: periodi ya 4 hujaza 3d. Kwenye ukanda wa f, toa 2: periodi ya 6 hujaza 4f. Sababu ni kwamba 4s hufikiwa kabla ya 3d, na 6s kabla ya 4f, kwa vile elektroni ya s hupenya karibu zaidi na kiini na hivyo huvutwa kwa nguvu zaidi.

Hatua ya nne: andika mpangilio wa makundi makuu

Tukitumia herufi n kuwakilisha namba ya periodi, makundi makuu husomeka hivi. Kundi la 1 ni ns¹, na kundi la 2 ni ns². Kundi la 13 ni ns² np¹, na kuanzia hapo kila kundi huongeza elektroni moja ya p hadi kundi la 18 lenye ns² np⁶. Kwa hesabu ya haraka, elektroni za p ni namba ya kundi toa 12.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata polepole: seleniamu (Se), elementi ya 34. Iko periodi ya 4, kundi la 16. Kwa kuwa iko ukanda wa p, ganda la nje ni la 4. Elektroni za s ni 2, na za p ni 16 toa 12, yaani 4. Mpangilio wa nje ni 4s² 4p⁴. Sasa hakiki, na usiache kuhakiki hata siku moja. Gesi adimu (elementi ya kundi la 18) iliyotangulia ni agoni yenye elektroni 18. Kutoka agoni hadi seleniamu tumepita ukanda mzima wa d wenye elektroni 10. Jumlisha 18, 10, 2 na 4: unapata 34, namba atomia ya seleniamu. Mpangilio kamili basi ni [Ar] 3d¹⁰ 4s² 4p⁴, ambapo alama ya agoni katika mabano inasimama badala ya elektroni 18 za ndani.

Linganisha na oksijeni, 2s² 2p⁴, na salfa, 3s² 3p⁴. Tarakimu za juu ni zilezile, ganda peke yake ndilo linalobadilika. Ndiyo maana hidrojeni huungana na zote tatu kwa uwiano mmoja: H₂O, H₂S, H₂Se. Kila moja inapungukiwa na elektroni mbili ili kujaza p, na kila atomi ya hidrojeni inachangia moja.

Elementi nzito zifanyie vivyo hivyo, usiogope urefu. Risasi (Pb) ni elementi ya 82, periodi ya 6, kundi la 14, kwa hiyo ya nje ni 6s² 6p². Gesi adimu iliyotangulia ni zenoni yenye 54. Ongeza 14 za 4f, 10 za 5d, 2 za 6s na 2 za 6p, unapata 82.

Wakazi wawili wa jedwali wanahitaji uangalifu. Heliamu iko kundi la 18, lakini mpangilio wake ni 1s² tu, kwa sababu ganda la 1 halina p. Imewekwa na gesi adimu kwa kuwa ganda lake limejaa na haitaki kuungana na chochote. Tabia hiyo ina uzito hata kwetu: heliamu iliyotangazwa mwaka 2016 katika Bonde la Rukwa, Tanzania, ilizalishwa na urani na thoriamu zinazooza polepole ndani ya miamba mikongwe, na kwa kuwa ganda lake limejaa haikunaswa na madini yoyote njiani bali ilibaki gesi huru. Hidrojeni nayo ni 1s¹ na huwekwa kundi la 1, lakini kung'oa elektroni yake kunahitaji kilojuli 1312 kwa moli, ilhali lithiamu iliyo chini yake huhitaji 520 tu. Mpangilio unafanana, mshiko haufanani, na hivyo hidrojeni si metali.

Hatua ya tano: chora visanduku vya obitali

Idadi peke yake haitoshi kueleza kila kitu. Inabidi pia kuona elektroni zimekaaje ndani ya tabaka. Chora kisanduku kimoja cha s na visanduku vitatu vya p. Kila mshale utakaochora ni elektroni moja. Jaza s kwanza kwa mishale miwili inayopingana uelekeo. Kwenye p, weka mshale mmoja katika kila kisanduku, yote ikielekea upande mmoja, kabla ya kuanza kuoanisha. Hii ndiyo kanuni ya Friedrich Hund, na msingi wake ni kwamba elektroni zenye chaji hasi husukumana, hivyo hukaa mbalimbali maadamu nafasi ipo.

Chora nitrojeni: s ina jozi, na visanduku vitatu vya p vina mshale mmoja mmoja. Chora oksijeni: kisanduku cha kwanza cha p sasa kina mishale miwili. Ukisogea kulia katika periodi, kiini huongezeka chaji na tungetarajia elektroni iwe ngumu zaidi kung'oa. Lakini nitrojeni huhitaji kilojuli 1402 kwa moli na oksijeni 1314, yaani pungufu. Jibu liko kwenye mchoro wako: elektroni ya nne ya p ya oksijeni imelazimika kushiriki kisanduku na mwenzake, inasukumwa, na hutoka kwa wepesi zaidi. Fosforasi na salfa zinarudia jambo hilohilo kwa 1012 na 1000.

Kuna mteremko mwingine kati ya kundi la 2 na la 13. Magnesiamu ni 738 na aluminiamu ni 578. Elektroni inayong'oka kwenye magnesiamu ni ya 3s, na kwenye aluminiamu ni ya 3p, iliyo juu zaidi kwa nishati na iliyokingwa na jozi ya 3s. Mwanafunzi anayeandika 2:8:2 na 2:8:3 hana namna yoyote ya kuuona mteremko huu, na hiyo ndiyo sababu nasisitiza matabaka.

Hatua ya sita: ingia makundi ya 3 hadi 12

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na pia ndipo somo linapokuwa tamu. Elektroni zinazohusika na kuungana katika ukanda wa d ni za aina mbili kwa pamoja: za ns na za d ya ganda lililotangulia. Kanuni ni kwamba jumla yake ni namba ya kundi. Chuma kiko kundi la 8, periodi ya 4. Kwa hiyo elektroni 8 zinagawanywa kuwa 3d⁶ 4s². Zinki iko kundi la 12, nayo ni 3d¹⁰ 4s².

Anza daima kwa kuweka 2 kwenye s na zilizobaki kwenye d, halafu uangalie kama elementi ni miongoni mwa zinazokwenda kinyume. Katika safu ya kwanza ya d zipo mbili tu. Kromiamu ingekuwa 3d⁴ 4s², lakini ni 3d⁵ 4s¹. Shaba ingekuwa 3d⁹ 4s², lakini ni 3d¹⁰ 4s¹. Nishati za 3d na 4s ziko karibu sana, na tabaka la d lililojaa nusu au lililojaa lote hushuka kiasi cha kutosha kuvuta elektroni moja kutoka s.

Ufafanuzi huo wa "nusu au yote" hutolewa mara nyingi kana kwamba ni sheria ya jedwali zima, na hilo si kweli. Tazama kundi la 10 kwa karibu. Nikeli huandikwa 3d⁸ 4s². Paladiamu, iliyo chini yake, ni 4d¹⁰ bila elektroni hata moja katika 5s. Platinamu, chini zaidi, ni 5d⁹ 6s¹. Elementi tatu za kundi moja, mipangilio mitatu tofauti. Hata hivyo jumlisha: 8 na 2, 10 na 0, 9 na 1. Kila mara ni 10. Kundi halihakikishi mgawanyo, linahakikisha jumla. Ukilishika hilo, ukanda wa d hautakutisha tena, na utaelewa kwa nini metali hizo tatu zote huunda ayoni (atomi iliyopoteza au kupata elektroni) yenye chaji ya +2 ijapokuwa zimeanzia mahali tofauti.

Mfano wa kundi la 5 unagusa Maziwa Makuu moja kwa moja. Niobiamu (Nb) ni 4d⁴ 5s¹, na tantalamu (Ta) iliyo chini yake ni 5d³ 6s². Mgawanyo haulingani, lakini jumla ni 5 kwa zote mbili, na zote hutoa elektroni zote tano kuunda misombo ya +5. Kuna zaidi ya hapo. Kati ya niobiamu na tantalamu umepita ukanda wa 4f, ambao elektroni zake 14 huzikinga vibaya elektroni za nje dhidi ya mvuto wa kiini, na matokeo yake atomi za tantalamu zimebanwa hadi kulingana kwa ukubwa na zile za niobiamu. Chaji ileile na ukubwa uleule: maumbile hayana njia nyepesi ya kuzitenganisha, na ndiyo sababu huchimbwa pamoja katika koltani, madini yenye elementi hizo mbili, ya Kivu mashariki mwa Kongo na ya Rwanda. Hata wanakemia ziliwasumbua. Niobiamu iligunduliwa mwaka 1801 na Charles Hatchett, tantalamu mwaka 1802 na Anders Ekeberg, kisha mwaka 1809 William Wollaston akatangaza kuwa ni elementi moja, na ilipofika 1844 ndipo Heinrich Rose akaonyesha kwamba kweli ni mbili.

Makundi mawili ya mwisho ya ukanda huu ni matulivu. Shaba, fedha na dhahabu, kundi la 11, zote ni d¹⁰ s¹. Zinki, kadimiamu na zebaki, kundi la 12, zote ni d¹⁰ s².

Linalobaki ni kosa ambalo hugharimu alama nyingi kuliko yote: mpangilio wa ayoni. Elektroni za 4s huandikwa zikiingia kabla ya 3d, lakini hutoka kabla ya 3d pia. Elektroni za d zikishaingia huvutwa karibu na kiini, na 4s hubaki ikiwa ya nje kabisa. Kwa hiyo Fe²⁺ ni [Ar] 3d⁶, si [Ar] 3d⁴ 4s². Na Fe³⁺, ile iliyomo katika kutu, ni [Ar] 3d⁵. Ili usikosee, andika atomi kwa mpangilio wa maganda, 3d⁶ kisha 4s², halafu ondoa kuanzia kulia.

Hatua ya saba: ukanda wa f kwa ufupi

Elementi za ukanda wa f hazina namba ya kundi katika majedwali mengi, na elektroni zake za 4f au 5f zimefichwa ndani. Nyingi za safu ya kwanza huwa na 6s² nje na 4f inayojazwa, na kwa sehemu kubwa hutoa ayoni za +3. Yatosha kwa sasa kujua hivyo, isipokuwa kwa kisa kimoja kinachoonyesha nguvu ya kusoma jedwali kwa elektroni. Elementi ya 72 ilikuwa haijapatikana, na wengi waliitafuta miongoni mwa metali za ukanda huo. Niels Bohr alihesabu kwamba 4f huwa imeshajaa ifikapo elementi ya 71, kwa hiyo ya 72 lazima iwe 5d² 6s², kundi la 4, ndugu wa zirikoniamu. Dirk Coster na George de Hevesy waliitafuta ndani ya madini ya zirikoniamu mjini Copenhagen na wakaitangaza mwaka 1923. Ndiyo hafiniamu.

Hatua ya nane: hakiki kwa nishati ya kung'oa elektroni

Mpangilio si imani, unaweza kupimwa. Ukipewa nishati za kung'oa elektroni za atomi moja baada ya nyingine, tafuta mahali zinaporuka ghafla. Sodiamu inaanza na kilojuli 496 kwa moli, kisha 4562. Ruko hilo baada ya elektroni moja linathibitisha 3s¹: ya pili ilibidi ichimbwe kutoka ganda la 2. Magnesiamu ni 738, 1451, kisha 7733. Ruko liko baada ya mbili. Sasa jaribu mwenyewe elementi yenye 578, 1817, 2745 na 11577. Ruko liko baada ya tatu, kwa hiyo ganda la nje lina elektroni tatu, kundi ni la 13, na ukirudi nyuma utaona 578 kuwa ni aluminiamu.

Ukishuka ndani ya kundi la 1, elektroni ya nje inazidi kulegea kadiri maganda yanavyoongezeka: lithiamu 520, sodiamu 496, potasiamu 419, rubidiamu 403, sesiamu 376. Mkondo ni laini kwa sababu kilicho chini ya ganda la nje hakibadiliki sana. Lakini kundi la 13 halishuki hivyo. Boroni ni 801, aluminiamu 578, kisha galiamu 579, ambayo imegoma kushuka. Galiamu ndiyo ya kwanza katika kundi hilo kuwa na 3d¹⁰ chini ya ganda la nje, na elektroni za d ni kinga dhaifu, hivyo kiini kinaendelea kuishika ile ya 4p kwa nguvu.

Jambo hilo hukua tunapofika chini ya ukanda wa p, ambapo jozi ya 6s huwa nzito kutoa. Bati, 5s² 5p², hutoa kwa wepesi elektroni mbili au nne. Risasi, 6s² 6p², hupendelea kutoa mbili za p tu na kubaki na jozi ya s. Kwa hiyo Pb²⁺ ni tulivu, na misombo ya risasi ya +4 ina hamu kubwa ya kurudi +2. Betri ya gari inaishi kwa hamu hiyo: bamba chanya lina PbO₂, ambamo risasi ni +4, bamba hasi ni metali ya risasi, na betri inapotoa umeme mabamba yote mawili huishia kuwa PbSO₄, yaani +2. Kundi la 14 linakuambia elektroni nne. Ganda la 6 linakuambia ni mbili zipi zitakazosita.

Mazoezi ya kujipima

Funika majibu, fanya kila moja kwa mkono, na uhakiki jumla kabla ya kufunua. Kwanza, andika mpangilio wa nje wa strontiamu (38), iodini (53) na bismathi (83). Pili, andika mpangilio wa manganizi (25) na wa ayoni yake ya Mn²⁺. Tatu, taja elementi yenye mpangilio [Kr] 4d¹⁰ 5s² 5p³, bila kutazama orodha.

Strontiamu ni 5s², kundi la 2, periodi ya 5. Iodini ni 5s² 5p⁵. Hesabu ni 36 za kriptoni, 10 za 4d, 2 na 5, jumla 53. Bismathi ni 6s² 6p³, na ukikumbuka jozi ya 6s utaelewa kwa nini chaji yake ya kawaida ni +3 badala ya +5. Manganizi, kundi la 7, ni [Ar] 3d⁵ 4s², na ayoni yake imepoteza zile za 4s na kubaki [Ar] 3d⁵. Kwa swali la mwisho, ganda la nje ni la 5, kwa hiyo periodi ni ya 5. Elektroni za p ni 3, ongeza 12, kundi ni la 15. Na 36 kujumlisha 10, 2 na 3 ni 51, ambayo ni antimoni.